Mafuta ya Kondoo Kwenye Swichi Nyekundu

Menye Nasieku, baba wa binti yangu,

Nimefagia uwanja huu wa Kajiado mara tatu leo na bado miguu inataka kwenda. Nasieku ndiye anaandika, maana kalamu sikuwahi kushika, unajua. Nimemwambia aandike nilivyosema, asinipambe. Niko na neno ambalo lilipaswa kukufikia ukiwa hai, na linaniwasha kama siafu ndani ya shuka.

Unakumbuka kibanda chetu cha Kitengela, malori ya mawe yakipita na vumbi lake likiingia mpaka kwenye chai? Watu walileta tivi zao asubuhi, na asubuhi hakukuwa na picha hewani. Ndiyo maana uliipenda ile mashine yako kuukuu ya kutoa picha ya kupimia tivi, nzito kama kondoo mwenye mimba. Uliiunganisha na tivi kwa waya mmoja, kioo kikajaa mistari minane imesimama: nyeupe, manjano, rangi ya anga, kijani, waridi iliyoiva, nyekundu, buluu, nyeusi. Ukaniambia, "Ng'oto Nasieku, mama wa binti yangu, nitungie shanga kwa mpangilio huu, macho yakichoka nilinganishe." Nikatunga, ukatundika kwenye msumari juu ya meza. Wateja walidhani ni dawa ya biashara.

"Ni kipimo," uliwaambia. "Fundi wake ni huyu mama."

Sijasifiwa hivyo tena, hata kanisani.

Sasa sikiliza. Mashine ilikuwa na swichi tatu ndogo za kuzima na kuwasha rangi, na ile ya nyekundu ilikuwa imekaza. Siku uliyoenda Magadi kutengeneza tivi za watu, nikaona nikusaidie. Ngozi ikikauka tunafanya nini? Tunapaka mafuta ya kondoo. Nikayeyusha kidogo kwa kijiko, nikadondoshea kwenye swichi, nikaichezesha mpaka ikateleza. Nilijiona mtu wa maana.

Haukupita mwezi, mstari mwekundu ukawa mweusi. Ukafungua mashine. Ukabadilisha transista, ukalehemu waya upya, ukafunga, ukafungua tena. Ile swichi uliigusa kwa kidole ukasema, "Hiki ndicho kitu pekee kizima humu, tazama inavyoteleza." Mimi nilikuwa nyuma yako na kikombe cha chai. Nilijua? Kujua hapana. Nilishuku, na nikanyamaza. Nilikuwa nimezoea kuitwa fundi.

Mwishowe ukaisukuma kando, ukaangalia viganja vyako. "Mkono umezeeka," ukasema. "Umeanza kunidanganya." Ukafunga kibanda, tukarudi huku kwa mbuzi. Hukushika bisibisi tena. Hata redio ya jirani ulikataa. Ukaenda kaburini ukiamini hivyo.

Wiki iliyopita nilishindwa kukaa na neno hili. Nikabeba mashine mpaka Kitengela, kwa Abdi, fundi wa simu na tivi aliyefungua duka karibu na palipokuwa petu. Mji umekua, nilipotea mara mbili. Abdi akafungua, akachokonoa, akanusa kidole.

"Shosho, hii mashine ilikuwa jikoni?"

"Kwa nini?"

"Swichi imejaa mafuta na vumbi la mawe. Imekuwa saruji, umeme haupiti."

"Ni ya kondoo," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Akaiosha kwa spiriti na mswaki, akawasha. "Imepona, shosho."

Nikatoa shanga zako kifuani, nikaziweka kwa kioo. "Bado. Nyekundu yako ni damu iliyotiwa maji."

Akaguna, akaosha tena. Mara ya tatu zikalingana, shanga kwa mstari. Nikamuuliza, "Na vile vitu alivyobadilisha mzee wangu?"

Aliinama akaangalia kwa muda. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Vyote viko sawa. Amelehemu safi kuliko mimi. Huyu mzee alikuwa na mkono."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya duka lake.

Nasieku ameacha kuandika, ananitazama. Nimemwambia aendelee, atanigombeza baadaye. Yeye pia aliwahi kukuonea huruma kwa uzee ambao hukuwa nao.

Umesikia, Menye Nasieku? Ni mimi. Uliyemhesabu kuwa fundi wako ndiye aliyekutoa kazini kwa kijiko cha mafuta, halafu mdomo wake ukafunga mlango. Ningesema siku ile, ungenicheka kama Abdi, ungeniita jina baya la punda, na kesho yake ungefungua kibanda. Kasirika sasa ukitaka. Hasira yako niliizoea, haikuwahi kunizidi. Hiki kimya ndicho kimenizidi.

Kesho Nasieku atakuja na mimi pale ulipolala, akusomee hii kwa sauti, nami nitasimama niisikie yote. Shanga nimeziacha kwa Abdi, kwenye msumari juu ya meza yake, kwa sababu kipimo ni cha mahali pa kazi.

Mkono wako haukukudanganya hata siku moja. Pumzika nao.

Ng'oto Nasieku, mke wako