Safari Hii Sifi

Alhamisi, Walthamstow

Nimechoka kufa. Miaka ishirini na mbili naigiza kwenye filamu na tamthilia za hapa London, na karibu kila mara mimi ndiye mlinzi anayepigwa risasi mapema, au dereva anayekutwa maiti kwenye buti la gari.

Mama kule Tanga, kila akiniona nimekufa kwenye televisheni, huwapikia watoto wa madrasa maandazi. Sadaka ya kuniondolea nuksi. Nimemweleza mara ngapi kwamba ile ni rangi tu, si damu! Hasikii. Naudhika, lakini kusema kweli naogopa siku atakayokosa nguvu za kukanda unga.

Leo nimeigiza daktari. Sentensi tatu tu, ila mpaka mwisho wa hadithi daktari yu hai. Tulipomaliza kurekodi nikampigia Mama, nikamtania:

“Mama, safari hii sifi. Watoto watakosa maandazi.”

Akadakia:

“Watakosaje, mwanangu? Nimeshakuzika mara ngapi? Leo umerudi mzima. Nawapikia pilau.”