Uji wa Sabato Unanuka Samaki

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono. Mtoto wangu Brandon sasa hivi amenusa kikombe cha maji, akakunja pua, akasema "samaki", na mimi nikapiga makofi kwa sababu ni neno lake la kwanza, kisha furaha ikaniishia, maana kikombe kilikuwa na maji matupu.

Mume wangu Haron anafuga trauti, wale samaki wa maji baridi, hapa Nyansiongo, bwawa liko juu kwenye kijito na sisi wote tunachota chini, na kwa vile sisi ni Wasabato yeye huosha bwawa Ijumaa ili Sabato apumzike, anafungulia kijitoni kinyesi na chakula kilichooza, na saa hiyo hiyo mama mkwe wangu Tryphosa anachota maji ya kupikia Sabato. Jumamosi nilipikia wageni wa kanisa uji, mzee Ogeto akaonja, akaniuliza pole pole, "Mwanangu, huyu samaki alikuwa na magamba?" kwa sababu wasio na magamba hatuli. Mama akasema, "Huyu hata sufuria hajui kuosha. Sabato ijayo apike Linet," yaani mke wa shemeji. Nikimwambia Haron ananijibu, "Wewe, maji yakitembea yanajisafisha." Nampenda, na hao samaki wakiruka naona Brandon yuko shule kwa pesa yao, lakini kijito kimeota utelezi wa kijani, nikisema ukweli namwaibisha mume, nikinyamaza mimi ndio mchafu, kwa hivyo nimefikiria labda, wacha, mama ananiita anasema ndoo

*

Mama Brandon, barua imekatika lakini nimeelewa. Pole, sufuria yako haina kosa. Lakini na wewe! Unajua maji ni machafu na bado unamnywesha mtoto? Kuanzia leo choteni juu ya bwawa, na mchemshe.

Samaki si wabaya. Ubaya ni Haron kuosha choo chao ndani ya ndoo ya mamake. Na asikwambie atahamishia kazi hiyo Jumatano. Majirani wa chini hunywa maji hata Jumatano. Achimbe shimo pana chini ya bwawa, maji yatulie humo, matope yaende kwenye migomba, na maji yanayobaki yapitie kwenye nduma, yaani magimbi, kabla ya kurudi kijitoni. Apunguze chakula, kinachozama bila kuliwa ni omena, wale dagaa wa ziwani, waliosagwa bure. Kiangazi kijito kikipungua, apunguze samaki, si maji ya watu.

Usiende kumshtaki kwa mama mkwe. Aende mwenyewe kabla ya Ijumaa, aseme, "Mama, ni mimi." Akikataa, mchotee kikombe cha maji pale pale mamake anapochota, umwekee mezani. Usiseme neno. Akishindwa kumeza, mwonyeshe jembe.