Tonton, Wamenipa Ruhusa ya Kuuza Nyumba

Tonton wangu Anselme, mjomba wangu,

Barua hii atakusomea Clarisse, binti yako, kwa sababu macho yako yamechoka kusoma, na masikio hayaisikii simu tena. Jumapili iliyopita nilikupigia, nikapaza sauti mpaka jirani akagonga ukuta, nawe huko Lubumbashi ukawa unanijibu tu, "Ndiyo, baridi, baridi, vala muzuri." Sikuwa nazungumza habari za baridi, Tonton. Nilikuwa nakuambia kwamba nimefaulu. Wamenipa kibali. Mimi sasa ni wakala kamili, si mwanafunzi tena, na jina langu limo katika orodha pamoja na majina ya wengine wanaoruhusiwa na sheria kuuza na kupangisha nyumba za watu hapa Ubelgiji. Clarisse, hapo msomee mara mbili.

Unakumbuka mwaka ule nilipofika Brussels kusoma, tukaishi katika chumba chako kimoja, mimi kitandani, wewe kwenye godoro karibu na jiko? Ulikuwa unatafuta appartement, nyumba ya kupanga ndani ya jengo la ghorofa. Kwenye simu wenye nyumba walikupenda, maana Kifaransa chako ni kile ulichofundishwa na mapadri, hakina doa. "Mais bien sûr, monsieur, bila shaka, njoo kesho." Kesho yake tulikwenda, wewe umevaa koti la kanisani. Mama mmoja wa mtaa wa Schaerbeek alifungua mlango, akakutazama wewe, akanitazama mimi, akasema imeshapangwa asubuhi ile. Kibao cha kupangisha kilikuwa bado dirishani, juu ya kichwa chake. Ukamwambia, "Merci, madame."

Nililia kwenye basi.

"Juu ya nini unalia?" ukaniuliza.

"Amedanganya, Tonton."

"Nyumba ni yake. Anapatia ule anapenda. Ni vile."

Nikaamini hiyo ndiyo sheria. Niliamini hivyo kwa miaka mingi, hata baada ya mtu wa kanisani kutupatia nyumba ya vyumba viwili, mtaa wa Evere.

Nilipokuambia kwamba naacha kazi ya ofisini nikasomee kuuza nyumba, ulicheka mpaka ukavua miwani. "Bazungu banunue nyumba mu mikono yako?" Lakini ulisoma pamoja nami. Jioni ulikaa upande wa pili wa meza, ukajifanya muuzaji mkaidi, mimi nikawa wakala, na ulikuwa mkaidi kweli.

Siku niliyokueleza habari ya compromis, yale makubaliano ambayo muuzaji na mnunuzi wanayasaini mwanzo, uliweka kikombe chini. Ulikuwa unaamini, kama watu wengi, kwamba nyumba haijauzwa mpaka watu wakae mbele ya notaire, mwanasheria wa hati. Nikakuambia la, wakishakubaliana nyumba ni ipi na bei ni ipi, wakasaini, imeuzwa. Hakuna kurudi nyuma.

"Alors, notaire anafanya nini?"

"Anahakikisha muuzaji ndiye mwenyewe kweli, na kwamba hakuna mtu mwingine anayeidai nyumba ile. Halafu ndipo anaandika hati."

"Na kama banki inakatala kunikopesha?"

"Ndiyo maana unaweka sharti mle ndani: nanunua iwapo benki itanikopesha. Usipoliweka, umekwama."

"Eh! Na batu banasaini mu café!" Ukasimama, ukampigia rafiki yako Willy, mwenye duka la vitenge barabara ya Chaussée de Wavre, aliyekuwa asaini compromis ya nyumba wiki ile ile. "Willy, usiguse bic! Usiguse kalamu! Ngoja mutoto akueleze."

Nilicheka. Ila niliona pia, kwa mara ya kwanza, kwamba umeanza kuniamini.

Kisha ikaja stage, mafunzo ya kazini, katika ofisi ndogo ya Monsieur Luc. Bila saini yake mwishoni, nisingeruhusiwa hata kufanya mtihani, na ningeanza upya kwa mtu mwingine, kama angepatikana. Huko bibi mmoja mwenye jengo zima pale Evere, mteja mkubwa wa ofisi, alinipa kwa simu maelezo ya appartement moja: vyumba vitatu, lifti, balkoni nzuri. Kifaransa changu nimekirithi kwako, Tonton. Hakuweza kujua anazungumza na nani. Mwishoni akashusha sauti.

"Na usiniletee wageni, watu wa kutoka nje, mademoiselle. Unanielewa."

Nilisema nitampigia kesho yake. Jioni nikakueleza wewe.

"Nyamaza, mutoto wangu," ukasema. "Maliza stage kwanza. Ukishapata kibali, utasema."

Nikakujibu kwamba sheria inamkataza mwenye nyumba, na inamkataza wakala pia. Anaweza kuuliza kama mpangaji ana uwezo wa kulipa. Hawezi kumkataa kwa asili yake. Nikitii kimya kimya, kosa ni langu kama lilivyo lake.

"Sheria iko mu kitabu," ukasema. "Ule madame iko mu Evere."

Asubuhi nilimpigia. "Madame, nitatafuta wapangaji wanaoweza kulipa na kutunza nyumba. Agizo lako la jana siwezi kulipokea. Sheria inanikataza mimi, na wewe inakukataza." Akataka kuzungumza na mkuu wangu.

Monsieur Luc alipokea simu akasikiliza muda mrefu, akitazama dirishani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukusanya vitu vyangu mezani. Ndipo akasema, "Madame, alichokuambia ni sawa. Mimi ningekuambia hivyo hivyo." Akaweka simu chini.

Bibi yule aliondoa jengo lake lote mikononi mwetu. Monsieur Luc hakunipongeza. Wiki nzima alinisalimu kwa kidevu tu. Lakini siku ilipofika alisaini.

Wewe nilipokuambia ulikuwa unaosha vyombo. Hukugeuka.

"Na patron hakukufukuza?"

"Hapana."

"Bon." Maji yakaendelea kutiririka. "Umekula?"

Sikuwa nimekula. Ukanisongea bukari, ugali wa kwetu, inayotosha watu watatu, ukakaa ukanitazama mpaka nikamaliza. Ndipo nilipojua kwamba kati yetu wawili, wewe ndiye uliyeogopa zaidi.

Ulistaafu, ukarudi nyumbani, na mtihani nikaufanya bila wewe. Watu watatu nyuma ya meza wakaniuliza, katika jengo lenye wamiliki wengi, paa likivuja nani analipa? Nikajibu: paa ni la wote, hata la anayekaa chini kabisa. Mmoja wao akatikisa kichwa kukubali, na kutoka hapo maneno yalikuja yenyewe.

Matokeo niliyasoma nikiwa nimesimama stesheni ya Gare du Nord, watu wa maofisini wakinipita pande zote. Nikakaa kwenye benchi. Tonton, nilianza kucheka.

Mama mmoja, mgeni nchini kama sisi, aliyekuwa akiuza gofri, keki za Kibelgiji, aliniona nacheka peke yangu. Akaniuliza kuna habari gani. Nikamwambia kwamba kuanzia leo naruhusiwa kuuza na kupangisha nyumba.

Akapangusa mikono kwenye aproni. "Mimi natafuta. Nina watoto wawili." Akasita kidogo. "Watanikubali?"

"Mwenye nyumba atakuuliza kuhusu mshahara wako," nikamwambia. "Unatoka wapi, hana ruhusa ya kukuuliza. Akiuliza, ataongea na mimi."

Tumepanga kuonana Jumanne. Yeye ndiye mteja wangu wa kwanza.

Kaa salama, Tonton. Mbusu Clarisse kwa kukusomea barua yangu.

Mpwa wako, mtoto wa dada yako,
Odette