Sindano ya Bibi Harusi

Jumatatu, 4 Machi
Dawa yangu ya sindano hakuna. Kila duka jibu lilelile. Mfamasia mwenye ndevu kanionea huruma, akanifafanulia. Sanduku langu la bluu ni la kisukari. La kijani ni dawa ileile, ila kipimo kimepandishwa, wanaandikiwa wanene. La kijivu ni dawa nyingine, jamii moja tu — nayo inashusha sukari na kupunguza mwili. Basi nipe lolote! Akatikisa kichwa. Daktari kwanza, dada. Na hata hivyo yote yameisha. Watu wanataka kukonda.

Jumatano, 6 Machi
Sukari asubuhi kumi na saba. Vidonge peke yake haviwezi. Vidole ganzi tupu. Nimemsuka mteja, mstari ukapinda mpaka akauliza kama nachora ramani kichwani mwake. Saluni nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikaenda chooni nikalia. Msusi asiye na vidole ni nini?

Ijumaa, 8 Machi
Daktari anasema ya kijivu ingenifaa, angenianzishia kipimo kidogo, lakini nitaipata wapi? Tuanze insulini leo, kasema. Nimeomba wiki moja. Hakupenda.
Mama aliwekewa insulini, hakurudi nyumbani. Najua si insulini iliyomuua, alichelewa kufika. Najua! Moyo ndio haujui.

Jumamosi, 9 Machi
Bibi Harusi kaja kuosha nywele. Ndivyo tunavyomwita saluni, anaolewa mwezi ujao. Amekonda, shingo imebaki kijiti. "Shoga, siri ni sindano!" Akafungua mkoba — kalamu mbili za kujichomea dawa, zimelala kwenye mafuta ya nywele yaliyomwagika. Alianza na ya kijani, halafu kaambiwa ya kijivu ndiyo kiboko. Sasa anatapika hata maji. Mwenye saluni akamwambia aache, gauni litashonwa upya. Mimi nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nikasema tu: ile usiyoitumia, nipe mimi.

Jumanne, 12 Machi
Kaleta. Moja. Haina sanduku, karatasi yake ya jina imebanduka kwa mafuta. "Hii ni ya kijani. Nadhani." Nadhani!
Nimempigia mfamasia. Karibu anipigie kelele. Kalamu ya mtu haichangiwi, hata ukibadili sindano. Na usipojua ni ipi, kipimo utakijuaje?
Mume wangu ni fundi bomba. Kasema hata yeye hafungui koki bila kujua inaleta maji gani. Twende hospitali, mke wangu. Nimemfokea. Yeye hayumo ndani ya mwili huu.

Jumatano, 13 Machi
Kipimo cha sukari hakitoi namba tena. Kimeandika tu: juu mno. Kiu. Macho yana ukungu, naandika kwa kubahatisha mstari.
Mume yuko kazini. Nimekaa kitandani, blauzi nimeipandisha, tumbo wazi, kalamu pajani. Sindano mpya nimeshaifunga.
Simu imeita — mama yake Bibi Harusi. Mwanawe ameanguka bafuni asubuhi, yuko wodini, hawezi kusema. Madaktari wanataka kujua alikuwa akijichoma nini, ya kijani, ya kijivu, au zote mbili pamoja. Kalamu moja wanayo.
"Mwanangu, aliniambia nyingine kakupa wewe. Unayo?"
Ninayo.
"Umeshaitumia?"
Bado.
"Basi ilete! Ilete mwanangu, nakushika miguu!"
Ni hospitali ileile ya daktari wangu. Nikiingia tu watanitazama usoni na kunilaza. Insulini.
Nimesema nakuja, mama. Sasa hivi.
Nimevaa kiatu kimoja. Nimeshusha blauzi. Nimeipandisha tena, kalamu bado mkononi.