Mbuzi wa Kitabu cha Darasa la Kwanza

Jumamosi, Voi. Jua kali tangu asubuhi, na mimi nimemkumbuka mama.

Nimetoka Mbololo kumwona Mama Wakesho, jirani yetu wa zamani. Binti yangu anaanza shule karibuni, nikataka aone kitabu nilichojifunzia kusoma. Mama Wakesho hana tabia ya kutupa vitu. Alikuwa nacho bado, jalada limetoka, kurasa zinanuka moshi, akanipa nije nacho nyumbani.

Sisi asili yetu ni Bungoma. Baba aliletwa huku na kazi ya reli. Lakini darasa la kwanza siku zile tulifundishwa kusoma kwa Kidawida, lugha ya Wataita wa huku, tukiimba silabi za ubaoni mpaka koo linakauka. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto wawili, mimi na Wakesho, binti yake. Leo kinalala kwetu, kesho kwao.

Basi lugha ya kwanza niliyoweza kuisoma, mama yangu hakuielewa. Kusoma kwenyewe hakujua. Lakini kila zamu yangu alikaa kwenye kigoda, mikono ina unga, akanisikiliza, kisha nikamweleza kwa Kiswahili.

Naungama hapa: nilimdanganya.

Hadithi ya mbuzi aliyepotea ilikuwa ndefu, na wenzangu walikuwa nje wananingoja tucheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Nikifika nusu, nafunga kitabu. Mama anauliza, "Mbuzi alirudi?" Namwambia hakurudi, hadithi imeisha. Akaniuliza hivyo mara nyingi, nami nikamjibu hivyo hivyo. Aibu hiyo nimeibeba tangu tumzike.

Leo nimemwambia Mama Wakesho. Amecheka akashika kiuno, kisha akaniambia:

"Mama yako alijua. Siku ya zamu ya Wakesho alikuwa anakuja hapa kuomba chumvi, anakaa mpaka mtoto amalize kusoma, mimi namwambia maana. Hiyo ya mbuzi aliisikia yote."

Alijua.

Hakunigombeza hata siku moja. Aliuliza tu, akangoja nisome mpaka mwisho, nami nikakimbilia mpira. Natamani anirudie jioni moja tu, na unga wake mikononi.

Sasa niko jikoni. Kigoda chake nimekiweka mbele yangu, nikasoma hadithi yote kwa sauti, polepole, kwa Kidawida changu kilichochakaa.

Mbuzi alirudi, mama.