Mahali pa Kuliona Ziwa Moja

Jumatatu, 8 Oktoba

Nimepanda mlima Kelimutu alasiri, peke yangu, hadi kwenye maziwa yake matatu ya kreta. Tangu tumzike mwanetu mwezi wa Aprili, Mama Seve ameniagiza jambo moja tu: nimtafutie mahali ambapo jua likizama ataliona Ziwa la Vijana, asilione la Waovu. Machweo, kwa kuwa saa hiyo ndiyo aliyokuwa akisimama kizingitini kumwita Seve kutoka shambani.

Huku kwetu husemwa kila roho ina ziwa lake: wazee lao, vijana lao, waovu lao. Miaka yote niliyofundisha katekisimu nilisema: roho za wafu haziendi ziwani, yale ni maji na madini. Leo nimezunguka ukingo wa maji na madini hayo nikitafuta pa kukaa.

Sikupata. Maziwa hayo mawili yametengwa na ukuta mwembamba wa mwamba. Ukiliona moja, umeliona na jirani yake.

Jumatano, 10 Oktoba

Ukungu. Sikuona jua wala ziwa.

Kanis, askari wa hifadhi, niliyemwandaa kwa komunyo ya kwanza, alinikuta nimekaa juu ya jiwe. "Baba Mwalimu, wageni wote wanataka mapambazuko. Wewe umekosana nini na jua la asubuhi?"

Nikamweleza. Akavua kofia. Baadaye akasema machweo mazuri yako kileleni, ila huko jua linazamia upande wa Ziwa la Wazee.

"Hilo ni letu sisi," nikamwambia. "Halina haraka."

Hakucheka.

Alhamisi, 11 Oktoba

Bombani, Mama Ros hakujua kwamba niko nyuma ya ukuta. "Yule wa Mwalimu? Mtu kajitoa roho mwenyewe, mnadhani vijana wenzake watampokea? Saa hizi kashalowa kule kwa waovu." Mwenzake akamwambia, shoga, funga mdomo. Nilingoja waondoke ndipo nikachota.

Padri alimzika Seve kwa misa kamili. Alisema huruma ya Mungu haina ukingo. Nalisadiki hilo — nalisadiki, na bado haliniinui kitandani.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimepapata. Chini kidogo ya njia, pana kichaka kilichofumana. Ukikaa — si ukisimama — kichaka kinaliziba Ziwa la Waovu lote. Kanis alikaa, akapinda shingo huku na huku. "Halipo, Baba Mwalimu. Limefutika."

Nilimshukuru Mungu. Kisha nikaona haya kwa kile nilichomshukuria.

Jumapili, 14 Oktoba

Nilimpeleka mama yake baada ya misa na chakula cha mchana. Kanis alitangulia, akiondoa mawe njiani. Mama Seve alikuwa amejifunga sarongi aliyoifuma kwa ajili ya harusi ya mwanetu, harusi ambayo haikuwapo. Akakaa nilipomwonyesha. Ziwa la Vijana lilikuwa la buluu ya kupendeza. La Waovu halikuonekana. Tukangoja.

Jambo moja sikulifikiria. Jana nilipajaribu mahali pale jua likiwa bado juu. Kuta za maziwa ni ndefu. Kivuli hulijaza shimo mapema, kabla ya machweo. Jua lilipogusa milima, ziwa lilikwisha kuwa jeusi kama chungu. Mwanga ulibaki miambani tu, juu, usikohitajika.

"Sioni kitu, Baba Seve."

"Ni kivuli. Nimekosea."

Aliinuka. Kabla sijamshika mkono alikizunguka kichaka, akasimama mbele ya lile nililomficha. Alilitazama kwa muda.

"Na hili jeusi vilevile," akasema. "Yanafanana."

Kisha akaita, kwa sauti ileile ya kizingitini: "Seve, we Seve! Njoo, chakula kinapoa."

Kanis aligeuza uso. Mama Seve aliita mpaka jua likaisha. Hakuna aliyeitika, tulijua hivyo tulipokuwa tunapanda. Aliponirudia alikuwa amekauka sauti.

"Mimi nimeita huku," akaniambia. "Kaite na wewe kule. Mtu mmoja haenei kote kuwili."

Nilifungua kinywa. Kinywa hiki kimefundisha kijiji kizima kusali. Hakikutoa neno. Tukashuka.

Jumatatu, 15 Oktoba

Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali.

Alasiri hii anafunga mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Ameweka na fungu la Seve. Kanis ameahidi kutungoja getini. Mama Seve ameniuliza kupitia mlango nitasimama upande gani. Nikimwita kwa Vijana, nimeyakana yote niliyofundisha. Nikimwita kwa Waovu, nimekiri maneno ya bombani kwa ulimi wangu mwenyewe, mimi baba yake. Nikinyamaza, mama yake ataita peke yake hadi sauti imwishe.

Nimefungua zaburi ya wafu. Nimeifunga.

Nimevaa koti. Nimelitamka jina lake humu chumbani, taratibu, nione kama sauti ingalipo.

Nje, kazi ya majani imekoma.

"Umesema nini, Baba Seve?"