Jina langu liko kwenye kampuni ya Idrisa

Naima, ule uvumi wa hapa Ilomba kwamba kompyuta inawajua wenye kampuni zote, ni kweli!

Hanifa wangu anaandika maelezo ya kuionyesha akili bandia namna ya kutafuta kwenye daftari la kampuni za mikopo. Leo kasema, "Mama, nijaribu jina lako tucheke."

Ikajibu: Waridi Halfani, mkurugenzi. Kampuni imefutiwa leseni, wakurugenzi wanatafutwa.

MKURUGENZI! Mimi wa darasa la saba!

Ni ile karatasi ya shemeji Idrisa kule msibani Kihesa. Si alisema ni ya kamati ya msiba?

"Mama, ulisaini nini?" Nimejifungia chooni, bado anagonga.

Na wewe ulisaini chini yangu. Sasa:

Usimpe Idrisa kitambulisho.
Usisaini kitu msibani.
Usipokee simu ya Hanifa, anatafuta jina la pili.